Shule imefungwa, simu ni moja, watoto ni wanne

Swali. Mama mmoja wa kartie ya Ndosho, hapa Goma, mashariki ya Congo, anauliza hivi, kwa ufupi: Shule zimefungwa na tumeambiwa tusitoke. Nina watoto wanne: msichana wa miaka 15 aliye humanités (sekondari), mvulana wa 11 aliye mwaka wa sita primaire na anangoja ENAFEP (mtihani wa taifa wa kumaliza primaire), wa 7 aliye mwaka wa pili, na mdogo wa miaka 3. Nyumba yetu ni ya mbao, vyumba viwili. Baba watoto ni motari, sasa pikipiki imelala, naye anafokea watoto kutwa nzima. Mwalimu anatuma masomo kwa WhatsApp, mega za intaneti zinaisha kabla ya saa sita. Wa miaka 7 ameanza kukojoa kitandani, na alikuwa ameacha zamani. Mimi Kifaransa changu ni kidogo. Nifanye nini?

Jibu. Mama, tuanze kwa kukutua mzigo mmoja: usijaribu kufungua shule ndani ya nyumba. Mtoto anakaa shuleni masaa matano au sita, lakini sehemu kubwa ya muda huo inakwenda katika kupanga mstari, kuita majina na kungoja wenzake wamalize kunakili ubaoni. Mtoto aliye peke yake, na mtu pembeni yake, anahitaji muda mdogo zaidi. Wa miaka 7 atosheke na dakika 45 kwa siku, zigawanywe mara tatu. Wa 11 masaa mawili, kila kipande kisipite nusu saa. Wa 15 masaa matatu, dakika 40 kisha apumzike 10. Ukizidisha, siku ya tatu utaona machozi, siku ya tano kaye (madaftari) zitafichwa chini ya godoro.

Kinachohitaji nguvu zako zaidi ni ratiba ya siku. Goma imefunga shule kwa sababu nyingi: Machi 2020 kwa Covid-19, Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wakaambiwa wahame, mwanzo wa 2025 kwa vita. Sababu zinabadilika, ila mtoto anayefungiwa ndani anasumbuliwa na jambo lile lile: hajui nini kinafuata. Akijua kwamba baada ya uji kuna kusoma, baada ya kusoma kuna kuchota maji, baada ya chakula kuna mchezo, hofu inapungua hata kama nje hakujatulia.

Kwa hiyo kuamka kuwe saa moja asubuhi kwa wote, pamoja na baba. Kunawa, kutandika, kuvaa nguo za mchana (mtoto aliyeshinda na nguo za kulalia anabaki nusu usingizini). Uji kwanza, masomo baadaye, kwa sababu mtoto mwenye njaa anakodolea kaye macho bila kuona kitu. Ukiweza kuchanganya mahindi, mtama na soya, uji huo unamshikilia hadi saa sita. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, la sivyo inachafua tumbo. Kama siku hizi mnakula mara mbili tu, usiweke masomo magumu jioni. Yaweke kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Mchana ni wa kazi za mikono, kurudia kwa sauti, kuchora na michezo, na kila mtoto wa umri wa shule apate saa nzima ya kutoa jasho: kamba, kucheza ngoma, kubeba maji. Kulala kusiteleze. Wa miaka 7 na wa 11 wanahitaji masaa 9 hadi 12 ya usingizi, mkubwa 8 hadi 10, mdogo 10 hadi 13 ukihesabu na usingizi wa mchana. Ratiba hiyo iandike kwenye karatasi kubwa na uibandike ukutani, na kwa wadogo weka picha: bakuli, kaye, bido la maji, mkeka.

Baba watoto kwanza, watoto baadaye

Wengi wanaruka sehemu hii. Mwanaume aliyezoea kutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi na pesa ya siku, ukimfungia ndani anapoteza pesa, wenzake na heshima kwa siku moja. Makelele yake yanatoka hapo. Kumwambia "usifoke" hakusaidii kitu. Mpe kazi inayojulikana kuwa ni yake na yenye saa yake, mbele ya watoto. Kwa mfano hesabu za mvulana wa 11 ziwe za baba, kila siku saa mbili hadi saa mbili na nusu. Motari anahesabu mafuta, faida na masalio kichwani kila siku, kwa hiyo huko hatatafuta maneno. Na kila mtu mzima apate nusu saa ambayo hakuna anayemgusa. Anakaa nje ya mlango, au anaosha pikipiki yake hata kama ni safi.

Hasira ikipanda, njia inayofanya kazi ni ya mwili: vuta hewa puani ukihesabu mpaka nne, itoe polepole mdomoni ukihesabu mpaka sita, mara tano. Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakoteremsha mapigo ya moyo. Fundisheni na watoto, wanaipenda kama mchezo.

Habari za redio zisikilizwe mara mbili kwa siku, na si mbele ya wadogo. Video za maiti na moshi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zifutwe kabla simu haijaingia mkononi mwa mtoto. Mtoto akiuliza, mpe ukweli kidogo na wa hakika: "Pesa zimepungua, tutakula mara mbili, lakini tutakula." Usimwahidi kwamba hakuna kitu kitakachotokea. Mwambie mtakachofanya kikitokea. Na kama kufungwa huku ni kwa sababu ya risasi, mbao hazizuii risasi: chagueni mapema pahali pa kulala chini, mbali na mlango na dirisha, nyuma ya msingi wa mawe kama upo, na mjizoeze mara moja mkiwa mmetulia.

Huyu anayekojoa kitandani

Mtoto aliyekauka zaidi ya miezi sita kisha akaanza tena, mara nyingi ni hofu au mabadiliko makubwa nyumbani. Hafanyi kwa makusudi; analala, kibofu kinafunguka chenyewe. Kumpiga au kumwaibisha mbele ya wenzake kunaongeza hofu, na hofu inarudisha mkojo.

Kwanza angalia choo kiko wapi. Kwenye parseli (viwanja) nyingi za hapa choo kiko nje, gizani, na mtoto anayeogopa usiku hujizuia mpaka usingizi unamshinda. Weka ndoo yenye kifuniko ndani ya chumba, na tochi ndogo karibu. Hilo peke yake linaweza kupunguza tatizo. Anywe maji ya kutosha mchana, apunguze masaa mawili kabla ya kulala, na akojoe mara mbili: mara moja kabla ya hadithi, mara ya pili akiwa anaingia kitandani. Tandika plastiki chini ya shuka. Asubuhi asaidie kutoa shuka, bila adhabu na bila hotuba. Angalia pia kama anapata choo kikubwa vizuri, kwa sababu tumbo lililofunga linabana kibofu. Mpeleke kituo cha afya kama anasikia maumivu akikojoa, ana homa, anajikojolea hata mchana, au anakunywa maji kupita kiasi huku anakonda. Hiyo ya mwisho isingoje hata siku moja.

Simu moja, watoto watatu

Mega zinaliwa na video na picha zinazojipakua zenyewe. Fungua WhatsApp, nenda Paramètres, kisha Stockage et données, na pale penye Téléchargement automatique ondoa alama zote. Kuanzia hapo hakuna picha wala video inayoingia mpaka wewe uiguse. Umwombe mwalimu atume maandishi au picha ya ukurasa ulioandikwa kwa mkono. Video ya dakika tatu inaweza kumeza mega kuliko masomo ya wiki nzima ya maandishi. Washa intaneti mara moja asubuhi, pakua masomo ya wote, zima. Kisha masomo yanakiliwa kwenye kaye, na simu inawekwa mbali. Kunakili si kupoteza muda: mkono unaoandika unasaidia kichwa kushika, na siku umeme wa SNEL ukikosekana kaye bado ipo. Majirani wawili watatu wenye watoto wa mwaka ule ule wanaweza kuchanga pesa za mega, mmoja anapakua, wengine wananakili. Jibu la kazi litumwe kwa picha moja jioni.

Redio nayo usiidharau. Mwaka 2020 Radio Okapi ilitoa vipindi vya masomo. Redio haiombi mega, na betri zake zinakaa. Mtoto akisikiliza bila kuandika, hata hivyo, nusu ya somo inapita. Awe na biki mkononi, na kipindi kikiisha akueleze mambo matatu aliyoyasikia, kwa Kiswahili.

Kusoma kwa wa mwaka wa pili

Kifaransa chako kidogo si kizuizi. Programu ya serikali inataka miaka miwili ya kwanza ya primaire ifundishwe kwa lugha ya taifa, na kwetu lugha hiyo ni Kiswahili, ingawa shule nyingi za mjini zinaanza na Kifaransa moja kwa moja. Mtoto anayejua kusoma Kiswahili amekwisha kujua jambo gumu zaidi, kwamba herufi zikishikana zinatoa sauti. Kwa hiyo dakika 15 za kwanza ziwe Kiswahili: silabi, kisha neno, kisha sentensi kama "mama anapika maharagi".

Jihadhari na kusoma kwa kichwa. Watoto wengi wanaimba ukurasa mzima bila kosa kwa sababu wameukariri, na mzazi anafurahi. Mpime hivi: funika ukurasa kwa mkono, acha neno moja la katikati lionekane, aseme ni lipi. Kisha asome mstari kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma. Kisha wewe badilisha herufi moja: paka, pika, pita, pata. Akiteleza hapo, mrudishe kwenye silabi bila kumcheka.

Ukiingia Kifaransa, makosa yanakuja pahali palepale kila mara, kwa sababu anasoma herufi za Kifaransa kwa sauti za Kiswahili. "ch" ya "chat" anaisoma kama ya chai, na kumbe ni "sh" ya shule. "ou" ya "jour" ni "u" yetu ya kuku. "u" ya "lune" sisi hatuna: akunje midomo kama anasema "u", lakini ulimi useme "i". "e" ya mwisho ya "table" haisikiki, wala "ent" ya "ils parlent". Andika hizo tano kwenye kipande cha katoni, zibaki mbele yake. Sauti moja kwa siku inatosha.

Hesabu za ENAFEP

Mvulana wako ana sababu ya kutolegea. Mwaka 2020 waliorudi shuleni kwanza, mwezi wa Agosti, ni wa miaka ya mtihani. Wengine walingoja Oktoba. Mitihani ikirudi inarudi haraka, na muda wa kurudia unakuwa mfupi.

Panapowaangusha wengi ni mfumo wa vipimo, na hasa maeneo. Mwulize: mita mraba 3 ni desimita mraba ngapi? Akijibu 30, amefanya kosa la kawaida kabisa, anahesabu eneo kama urefu. Usimwambie jibu. Mpe kipande cha makala (mkaa) achore sakafuni mraba wenye mita moja kila upande. Rula ya sentimita 30 iwekwe mara tatu, kisha aongeze 10. Kila sentimita 10 aweke alama kwenye pande zote nne, kisha aunganishe alama za upande kwa upande. Ahesabu vijumba vya mstari mmoja: 10. Mistari ni mingapi? 10. Ndani ya mita mraba moja kuna desimita mraba 100, na 3 zinatoa 300. Akishaona kwa macho yake, ndipo jedwali lina maana: kwenye maeneo kila safu inachukua tarakimu mbili, kwenye ujazo tatu. Parseli ya mita 15 kwa 20 ina mita mraba 300, ambazo ni are 3. Aende apime ya kwenu kwa hatua.

Ujazo ufanyie kwa bido. Desimita kubiki moja ni lita moja, basi bido la lita 20 ni desimita kubiki 20, na mita kubiki moja ni lita 1 000, yaani mabido 50. Bido likiuzwa faranga 200, mita kubiki ya maji ni faranga 10 000. Hapo amefanya vipimo na bei kwa pamoja, namna mtihani unavyopenda kuuliza.

Kwa règle de trois, mlazimishe mistari mitatu. Kilo 3 za maharagi ni faranga 7 500. Kilo 1 ni 7 500 gawa kwa 3, ni 2 500. Kilo 5 ni 2 500 mara 5, ni 12 500. Anayeruka mstari wa katikati ndiye anayezidisha palipotakiwa kugawa. Sehemu kama nusu na theluthi zifanyiwe kwa karatasi iliyokunjwa vipande sita: nusu inachukua vitatu, theluthi viwili, jumla vitano juu ya sita. Kila siku mazoezi matano, si ishirini, na mawili kati yake yawe ya wiki iliyopita.

Msichana mkubwa na mdogo kabisa

Shule ikifungwa, msichana wa miaka 15 ndiye anayepoteza zaidi, na kimyakimya. Maji, vyombo, mtoto mgongoni, na jioni kaye haijafunguliwa. Masaa yake matatu yaandikwe kwenye karatasi ya ukutani kama ya wengine, na mvulana wa 11 aoshe vyombo. Anaweza kumsomesha mdogo wake nusu saa kwa siku, na hiyo inamsaidia hata yeye, lakini asigeuke mwalimu wa nyumba. Maji asiyafuate peke yake jioni. Sierra Leone, Ebola ilipofunga shule 2014 na 2015, mimba za wasichana ziliongezeka, na nyingi ya hizo zilikuwa mwisho wa masomo. Zungumza naye wazi kabla ya mtu mwingine kuzungumza naye. Akipatwa na ubaya, yaani akibakwa, afike hospitali kabla ya masaa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifanyi kazi baada ya hapo. Mapema zaidi ni bora zaidi, na asioge kwanza.

Wa miaka 3 hahitaji somo. Mpe masufuria, vifuniko, kopo na maji kidogo, na kazi ya "kusaidia". Maharagi asichezee: yanaingia puani, yanavimba, na kuyatoa ni hospitali.

Hatari mbili za kukaa ndani

Mbabula (jiko) yenye makala isiingizwe ndani wakati milango imefungwa, hata kama ni baridi, hata kama mnaogopa kutoka. Kinachoua si moshi mnaouona. Makala yaliyoshika vizuri, mekundu, bila moshi, yanatoa hewa isiyo na harufu inayowalaza watu na hawaamki. Kichwa kikiuma watu wawili kwa pamoja chumba kimoja, tokeni wote. Na watoto wanapopata ruhusa ya kutoka asubuhi mapema, wasicheze kwenye mabonde na mashimo yenye mazuku (hewa ya sumu inayotoka ardhini), hasa upande wa magharibi mwa mji karibu na ziwa. Hewa ile ni nzito, inakaa chini, na mtoto ni mfupi kuliko wewe.

Lini kutafuta msaada

Mtoto aliyeogopa hulia, hushikilia nguo yako, huota vibaya. Mengi ya hayo hupungua ndani ya wiki nne akiwa na ratiba na mtu mzima aliyetulia. Usingoje wiki nne kama amekataa kula, haongei tena, halali usiku kadhaa mfululizo, anajiumiza, au anazungumza juu ya kufa. Ni vivyo hivyo kwa baba watoto kama ameanza kunywa kila siku au mkono wake unapanda. Hapa Goma kuna Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili cha Ndugu wa Upendo, na kwenda pale si kwamba mtu ana wazimu. Bukavu wana SOSAME. Kama njia haipitiki, anza na muuguzi wa kituo cha afya cha kartie.

Shule ikifunguliwa, beba kaye zote na umwonyeshe mwalimu ukurasa wa mwisho walipofika. Wiki moja kabla, rudisha saa ya kuamka kidogo kidogo, robo saa kila siku. Mtoto atashika tumbo asubuhi ya kwanza. Mwambie nani atamsindikiza, na nani atamngoja getini saa ya kutoka.